Mwongozo Kamili wa Undead Nightmare: Kuishi na Risasi Chache Katikati ya Mazombi wa Magharibi

Undead Nightmare ni nyongeza ya Red Dead Redemption, gemu la Rockstar la mwaka 2010 linalomhusu John Marston, jambazi wa zamani anayetaka kuishi kwa amani na mkewe Abigail na mwanawe Jack kwenye shamba lao la Beecher's Hope. Ilitoka Oktoba 26, 2010, miezi michache tu baada ya gemu lenyewe. Ramani ni ile ile ya majimbo ya kubuni ya New Austin na West Elizabeth huko Marekani, pamoja na Nuevo Paraíso upande wa Mexico, mwaka ni 1911, ila wafu wameamka na walio hai wamebaki wachache wakijibanza kwenye mapaa na nyuma ya vizuizi vya mbao.

Anayetoka kwenye gemu kuu huingia humu akiwa na mazoea mabaya. Kule risasi zilikuwa za kununua dukani, adui akipigwa tumboni anaanguka, na farasi ukimpigia mluzi anakuja. Humu maduka yamefungwa, pesa haina kazi, zombi aliyepigwa tumboni anainuka tena, na farasi wako wa kwanza hutadumu naye. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa kufuata risasi zaidi ya kufuata hadithi: ukijua zinapatikana wapi na zitumike lini, mengine yote yatakaa sawa.

Toleo lipi ulichukue

Mwanzoni ilikuwa ya PlayStation 3 na Xbox 360. Agosti 17, 2023 gemu kuu na nyongeza hii vilitoka kwa pamoja kwenye PlayStation 4 na Nintendo Switch, na Oktoba 29, 2024 zamu ya kompyuta ikafika. Desemba 2, 2025 zikafuata PlayStation 5, Xbox Series X na S, Switch 2, na simu za Android na iPhone kupitia uanachama wa Netflix. Kwa hiyo leo unaweza kuicheza bila kumiliki mashine ya gemu hata moja, ingawa kwenye simu nakushauri utafute pedi ya kuunganisha kwa Bluetooth. Kulenga kichwa cha zombi anayekimbia kwa kidole kinachoziba nusu ya skrini ni mateso.

Kwenye kompyuta andaa nafasi ya takribani GB 12 na RAM ya GB 8. Si gemu zito kwa vipimo vya leo. Bei yake ilipotoka kwenye kompyuta ilikuwa dola 49.99 za Marekani. Kama huna haraka, subiri punguzo la msimu.

Jambo moja la kujua kabla hujalipa: matoleo mapya yote hayana uchezaji wa pamoja mtandaoni. Ule mtindo wa Undead Overrun, ambapo wachezaji walisimama pamoja kukabili mawimbi ya mazombi, ulibaki kwenye mashine za zamani. Unachonunua sasa ni hadithi ya mchezaji mmoja, na inajitosheleza.

Usianze kabla ya kumaliza gemu kuu

Undead Nightmare inafunguka moja kwa moja kutoka menyu ya mwanzo, haidai umalize chochote. Usikubali kishawishi hicho. Mwisho wake unataja waziwazi jambo kubwa kabisa linalotokea mwishoni mwa gemu kuu, na jambo hilo ni moja ya nyakati nzito kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa ajili ya gemu. Ukilijua mapema umejinyima. Halafu kuna watu: Bonnie MacFarlane, Marshal Leigh Johnson, mganga tapeli Nigel West Dickens, mfukua makaburi Seth, mpiga bastola mkongwe Landon Ricketts. Humu wanatokea kwa muda mfupi, na utamu wote ni kuwaona watu unaowafahamu wakiwa ndani ya balaa. Asiyewafahamu ataona sura za wageni tu.

Rekebisha mambo mawili kwenye mipangilio

La kwanza ni maandishi ya mazungumzo. Yawashe. John na wenzake wanaongea Kiingereza cha mashambani cha Marekani, wanameza maneno, na maelekezo mengi yanatolewa mkiwa juu ya farasi.

La pili ni ulengaji. Gemu lina msaada unaoipeleka bunduki yenyewe kwa adui aliye karibu unapobonyeza kitufe cha kulenga. Msaada huo hushika kifua. Dhidi ya majambazi ulitosha, lakini kwa mazombi ni njia ya haraka ya kumaliza risasi. Una chaguo mbili: uuache, kisha ujizoeze kusukuma kijiti cha kulia juu kidogo kila mara kabla ya kufyatua, au uingie kwenye ugumu wa juu wa ulengaji ambao unauondoa kabisa. Kwa anayetumia kipanya cha kompyuta, uondoe bila kufikiria mara mbili. Kwa wa pedi, naona ni bora uuache. Ule msukumo mdogo wa kijiti unazoeleka upesi, na unakuokoa pale mazombi wanapokujia kutoka pande mbili.

Saa ya kwanza: Beecher's Hope na Blackwater

Usiku wa dhoruba familia iko nyumbani, mzee wao waliyezoea kumwita Uncle hajarudi. Anaporudi ameshakuwa zombi. Anamuuma Abigail, Abigail anamuuma Jack, na John anaishia kuwafunga kamba mkewe na mwanawe, kuwaachia chakula ndani na kutoka kwenda kutafuta dawa. Hapo huwezi kukosea sana.

Mji wa kwanza ni Blackwater. Hapa jifunze kitu kimoja kabla ya vingine: mwenge. Mwenge hauishi, hautumii risasi, na unawasha moto mwili wa zombi. Kwa zombi mmoja au wawili wa kawaida wanaokuja polepole, weka bunduki mgongoni, chukua mwenge, piga, rudi nyuma hatua moja, piga tena. Wakifika watatu badilisha mbinu, maana ukiwa unampiga mmoja mwingine anakushika mgongoni. Ukishikwa, bonyeza kwa kasi kitufe kinachoonyeshwa kwenye skrini hadi umsukume.

Zombi anakufa kwa njia mbili: kichwa kiharibiwe au aungue. Risasi ya kifuani inamwangusha tu. Hata hivyo kumwangusha kuna faida yake, kwani aliye chini hatikisi kichwa, na ukimsogelea unamaliza kwa risasi moja ya uhakika. Nikizungukwa huwa napendelea kuwaangusha wawili wa mbele, kuwaruka, na kuwageukia wote nikiwa nimeshatoka kwenye duara.

Mazombi wa aina nne

Wa kawaida ni wengi na ni wazito wa mwendo. Mwenge.

Bolter anakimbia kwa miguu na mikono, chini chini, na kichwa chake hakitulii. Usimfyatulie akiwa mbali. Utapoteza risasi tano. Mngoje afike karibu, umpige kwa bunduki ya marisawa. Au tumia Dead Eye, ule uwezo wa John wa kupunguza kasi ya muda ambao kwenye pedi unawashwa kwa kubonyeza kijiti cha kulia. Dead Eye ni kwa ajili ya Bolter kuliko zombi mwingine yeyote.

Bruiser ni jitu nene linalokuja kama fahali na kukubwaga chini. Anapoanza mbio hawezi kukata kona, hivyo mkwepe kwa pembeni kisha umpige kichwani kwa nyuma. Kosa la wengi ni kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka.

Retcher anatema majimaji ya kijani yenye sumu kutoka mbali. Huyu auawe wa kwanza katika kila kundi. Peke yake ni dhaifu, lakini akiachwa nyuma ya wenzake anakula afya yako wewe ukiwa unahangaika na walio mbele. Bunduki ndefu, risasi moja, kichwani.

Wanyama nao wameambukizwa. Ukienda Tall Trees, msitu wa West Elizabeth, dubu aliyefufuka ni hatari kuliko kundi la watu kumi. Usimshukie chini, mpige ukiwa juu ya farasi anayekwenda.

Risasi: wapi, na kwa matumizi gani

Zihesabu risasi kama nyumba inavyopima unga mwezi ukielekea mwisho. Vyanzo ni vitatu: miili ya mazombi uliowaua, masanduku ndani ya nyumba za mijini, na shukrani za watu unaowasaidia.

Kupekua miili kunachosha na wengi huacha baada ya saa moja. Usiache. Ila usipekue katikati ya vita, John anainama na kugeuka chakula. Maliza eneo, zunguka mara moja, pekua wote. Bunduki zinagawana aina za risasi: za bastola, za bunduki fupi ya kurudiarudia (repeater), za bunduki ndefu, za marisawa. Desturi yangu ni kutumia bastola kwa wa kawaida pale mwenge unaposhindwa, marisawa kwa Bolter na Bruiser, na zile za masafa kwa Retcher peke yake. Ukishika mgawanyo huo, ni nadra aina mbili kukuishia kwa wakati mmoja.

Kuna silaha isiyohitaji risasi za kawaida kabisa: gobori utakalopewa na West Dickens. Linashindiliwa viungo vya mazombi ulivyokusanya kwenye miili yao, na likilia, zombi aliye mbele yako hatambuliki tena. Kulishindilia ni polepole, kwa hiyo si la kutembea nalo mkononi. Liweke tayari kwa Bruiser au kwa lango ambalo mazombi wanapita wakiwa wamebanana.

Miji ndiyo gemu lenyewe

Sehemu hii wengi huipita haraka wakifuata alama ya misheni inayofuata, na ndiyo inayowaponza.

Karibu kila makazi kwenye ramani yamevamiwa: Blackwater, Armadillo, MacFarlane's Ranch, Thieves' Landing, Manzanita Post, Chuparosa, Escalera na mengine. Ukifika utakuta manusura wachache wanapigana. Kazi yako ni kuua mazombi wa mji na kuwagawia manusura risasi zako. Ndiyo, zako mwenyewe. Mchezaji mgeni huona uchungu kuzitoa. Zitoe. Manusura aliyeshiba risasi anaua mazombi ambao wewe ungewaua kwa risasi nyingi zaidi, na unachotoa hurudi: masanduku ya mji yanakuwa yako, unapata kitanda cha kulala na kusevu, na kila mji unaookolewa unakuongezea silaha.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Mwache farasi nje ya mji, kwa sababu ukiingia naye mazombi watamshambulia na utabaki kwa miguu. Usikimbilie katikati. Zunguka pembezoni, ukiingia nyumba moja moja kutafuta sanduku, huku ukiwaua waliotawanyika kwa mwenge. Ukishajua manusura wako wapi, nenda kwa yule aliye karibu zaidi na kundi kubwa, maana ndiye atakayekufa kwanza, na umpe risasi. Simama naye. Ukiwa na mtu anayefyatua pembeni yako, mazombi wanagawanyika na nafasi ya kulenga vichwa inapatikana. Kisha nenda kwa anayefuata.

Baada ya mji kuwa salama, tafuta tangazo la mtu aliyepotea. Kumfuata na kumrudisha ni kazi fupi, na ndiyo inayokupeleka kwenye pembe za ramani ambazo hadithi haizigusi.

Mji uliookolewa haubaki salama milele. Siku kadhaa za ndani ya gemu zikipita unashambuliwa tena, na ramani inakuonyesha. Usijaribu kuilinda yote. New Austin ni pana na utakuwa mtumwa wa barabara. Chagua mmoja katika kila jimbo. Mimi huchagua Blackwater kwa West Elizabeth, Armadillo kwa New Austin kwa kuwa iko katikati, na Chuparosa kwa Mexico. Mingine naiokoa kwa ajili ya silaha, kisha naiacha.

Kuhusu mpangilio: okoa Blackwater, endelea na hadithi hadi Armadillo kwa Marshal Johnson, halafu simama. Usivuke kwenda Mexico kabla hujaokoa miji mitatu au minne ya upande wa Marekani. Kule mambo yanakuwa magumu, na utafurahi ukiwa na bunduki ya ziada.

Makaburi

Seth, ambaye amezungukwa na maiti na anajiona yuko nyumbani, atakupa kazi ya kusafisha makaburi, yakiwemo ya Coot's Chapel na Odd Fellow's Rest. Unachoma majeneza kwa mwenge, moja baada ya jingine, huku wafu wakitoka ardhini. Hapa wanaotaka kumaliza kila zombi kwanza wanashindwa, maana wapya hawaishi kuja hadi majeneza yaishe. Kimbia, choma, kimbia. Bunduki itumike kwa yule tu anayeziba njia. Lakini bakiza marisawa na Dead Eye kwa ajili ya mwisho, kwa kuwa majeneza yakishaungua anatokea mfu mwenye nguvu kuliko wengine pamoja na kundi lake, na hapo ndipo unapotumia ulichokiweka.

Mexico, maji ya baraka na chambo

Ng'ambo ya mto, nenda mapema kwenye nyumba ya watawa ya Las Hermanas. Mama Mkuu wa masista atakuhitaji, na kwa kazi hiyo utapata maji ya baraka. Chupa yake ukiirusha inawaka moto wa buluu na mazombi wanaoingia humo wanateketea. Irushe mlangoni au kwenye ngazi, pale wanapolazimika kupita. Uwanjani unaipoteza.

Landon Ricketts naye yuko Mexico, na kwake utapata chambo kilichofungwa baruti: unakirusha, mazombi wanakikusanyikia, kinalipuka. Usikae nacho ukisubiri siku ngumu zaidi. Mazombi kumi kwa kitu kimoja ndiyo hesabu nzuri kuliko zote humu ndani.

Farasi wanne

Farasi wa kawaida wanaliwa au wanageuka mazombi. Farasi zombi hachoki, ila hafuati hatamu vizuri, na kwenye daraja jembamba anaweza kukuua. Suluhisho ni wale farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo: Vita, Njaa, Tauni na Kifo. Wanazurura nyikani, na ukikaribia mmoja alama yake inatokea kwenye ramani. Acha chochote unachofanya umfuate.

Mkamate kwa kamba ya kitanzi ukiwa juu ya farasi mwingine, mshukie, kisha umpande na usawazishe kijiti kadiri anavyorukaruka mpaka atulie. Akishatulia ni wako, utamwita tena. Vita anawaka moto na kuwachoma mazombi anaowagusa. Njaa hachoki. Tauni ni vigumu mno kumuua. Kifo naye hachoki, na vichwa vya mazombi anaowagusa vinapasuka, jambo linalofanya safari ya barabarani iwe ya kuokoa risasi badala ya kuzimaliza. Ukimpata Kifo, hao wengine utawatafuta kwa ajili ya kukamilisha tu. Huko Mexico pia kuna chupacabra, mnyama wa simulizi za watu wa huko; ukimwona mpige, hajitokezi mara nyingi.

Usiache kazi ya Tall Trees

Ndani ya Tall Trees utamkuta mwindaji anayedai sasquatch, wale watu wa msituni wenye manyoya, wanakula watoto wachanga. Kiufundi ni rahisi: wako kwenye miti, wanakimbia, unawafukuza kwa farasi na kuwapiga. Sitasimulia unachokikuta kwa yule wa mwisho. Nitasema tu umsogelee bila kufyatua, umsikilize mpaka amalize kusema, kisha uamue. Ni dakika chache, lakini kwangu ndizo dakika bora za nyongeza yote. Humo waandishi waliamini kwamba hata gemu la mazombi linaweza kumuuliza mchezaji kwa nini aliamini alichoambiwa.

Mwisho, na kinachobaki baada yake

Asiyetaka kuambiwa mwisho aishie hapa.

Chanzo cha laana ni kinyago cha Waazteki ambacho Abraham Reyes, yule kiongozi wa mapinduzi, alikichukua. Misheni ya mwisho inaanzia Escalera na kushuka chini ya ardhi. Kabla ya kuianza lala, sevu, jaza marisawa, beba chupa mbili tatu za maji ya baraka. Njia za chini ni nyembamba, na huko ndiko maji hayo yanakofanya kazi kuliko mahali pengine popote. Usikimbie mbele ya binti anayekuongoza.

Kinyago kikirudishwa mahali pake, John anarudi nyumbani na familia yake inapona. Kisha muda unapita, John anakuwa kaburini, Seth anakiiba kinyago tena, na John anafufuka. Kwa kuwa alizikwa na maji ya baraka, roho yake imebaki. Kuanzia hapo unacheza ukiwa zombi mwenye akili zake, na ramani yote iko wazi.

Hapo rudi kwenye yaliyosalia: miji uliyoiacha, watu waliopotea, farasi uliowakosa, changamoto za kuua aina kwa aina za mazombi ambazo nyingi zitakuwa zimejijaza zenyewe ukiwa njiani. Ukifikisha asilimia 100 gemu linakupa farasi mwenye pembe moja, anayeacha upinde wa mvua nyuma yake anapokimbia. Hana kasi ya kumshinda Kifo wala hapasui vichwa, ila ukimpata, vuka naye nyika ya Rio Bravo, huko New Austin, asubuhi na mapema.